Nyuki Hawanywi Maji Safi

Mimi ni mtu wa kinyaa. Siwezi kula hotelini nikishaona upande wa jikoni, siwezi kunywa chai iliyofanya utando, na kazini, katika ofisi yetu ya ghorofani katikati ya jiji, kikombe changu nakifungia ndani ya droo. Nasema hivi mapema ili ieleweke kwamba sikuingia katika mambo ya nyuki kwa kupenda wadudu. Niliingia kwa sababu niliambiwa nyuki ni wasafi.

Wenyewe walikuja bila kuitwa. Ilikuwa majira ya mijakaranda kuchanua, na kundi zima lilihamia ndani ya kabati bovu la mbao nililokuwa nimelitupa nyuma ya nyumba yangu, mtaani Kabiria. Ua wangu si mkubwa. Nyuma kuna mparachichi mmoja, banda la kuku, kamba ya kuanikia nguo, halafu ukuta, na ng'ambo ya ukuta kuna ploti ya vyumba vya kupanga. Jirani yangu wa ubavuni, mama kutoka upande wa magharibi mwa nchi ambaye tumekaa naye vizuri miaka mingi, alifika na mafuta ya taa na kiberiti, akashauri tuwachome kabla hawajaua mtu. Mimi nilikuwa tayari kukubali.

Mama yangu mzazi ndiye aliyekataa. Alikuwa amekuja kutoka Kitui kutibiwa kidonda cha mguuni kilichogoma kupona, na alikuwa akikaa nami. Alitoka nje akiegemea mkongojo, akalitazama kabati lile linalovuma, akasema, "Hiyo ni mali. Nani anachoma mali?" Baba yake alikuwa na mizinga ya magogo juu ya miti, lakini wanawake hawakuruhusiwa kuikaribia. Kwa hiyo mama alijua ladha ya asali kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, lakini kazi yenyewe hakuwahi kuifanya.

Mwenzangu wa kazini, anayeishi Muthangari, alinipa namba ya mhadhiri mmoja mstaafu wa Loresho, mtaa wa matajiri, ambaye hufuga nyuki na kuuza asali. Mzee huyo alikuja jioni moja na mzinga wa kisasa, lile sanduku la mbao lenye fremu ndani, pamoja na mavazi meupe yaliyopigwa pasi mpaka yakasimama. Alifanya kazi polepole. Alikata masega kutoka kabatini, akayafunga kwenye fremu kwa uzi, akanionyesha malkia. Alipomaliza, alivua kofia yake ya wavu, akaniambia maneno ambayo yaliniingia moyoni kabisa.

"Madam, hakuna kiumbe msafi kama nyuki. Hata haja yake haifanyii ndani ya nyumba."

Nililala nikiwa na furaha ya ajabu. Nilijiona nimepata wapangaji wanaonifaa.

Baada ya wiki chache jirani yangu alikuja mlangoni akiwa na kanzu yake nyeupe ya kanisa mikononi. Kanisa lao wote huvaa nyeupe, na Jumamosi kamba yake hujaa kanzu kama meli iliyotandaza tanga. Alinikunjulia mgongo wa ile kanzu. Ilikuwa na michirizi ya njano, midogo midogo, mirefu kidogo, kama mtu aliyerusha haradali kwa brashi. Aliniuliza ni kitu gani. Nilisogeza pua, nikakwaruza kwa ukucha, na kabla sijafikiri nilishajua. Mhadhiri hakudanganya. Nyuki hawafanyii haja ndani. Hutoka nje, wakaruka mita chache, wakajisaidia wakiwa hewani, na mita chache kutoka kwenye mzinga wangu ndipo kamba ya jirani ilipo.

Niliosha ukucha wangu kwa sabuni mpaka ukauma. Halafu nikamfulia kanzu zake zote, kwa mikono, yeye akiwa amekaa kwenye kiti akinywa chai na kunionyesha alama nilizoziruka. Tulikubaliana kwamba kuanzia siku hiyo ataanika nguo zake za kanisa mbele ya nyumba yangu, upande wa barabara, na mpaka leo anaanika pale. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, na nililimeza nikijiambia kwamba hata mtu msafi huenda msalani.

Somo la pili lilinishinda kumeza. Mhadhiri alikuwa amesema nyuki wanahitaji maji karibu, nami niliwawekea beseni jipya, nikaweka kokoto nilizozichemsha, nikajaza maji ya kunywa. Nilikuwa nikibadilisha maji yale kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hakuna hata nyuki mmoja aliyetua. Nilidhani hawajaliona. Jumapili moja, baada ya ibada, niliamua kuwafuata nione wanakokunywa. Niliwaona wakivuka ukuta, mmoja mmoja, kwa njia moja kama watu wanaokwenda kisimani. Nilizunguka kwa barabara, nikaingia ile ploti ya vyumba.

Nyuma ya vyoo vya wapangaji kulikuwa na bomba lililopasuka, na majitaka yalikuwa yakichuruzika kwenye mtaro wa udongo. Maji yalikuwa meusi yenye rangirangi za mafuta juu yake. Kulikuwa na nepi iliyovimba, maganda ya viazi, nywele za bandia, na vitu vingine ambavyo sitavitaja. Kando ya mtaro wote, kwenye ule utelezi wa kijani, nyuki wangu walikuwa wamejipanga, vichwa chini, makalio juu, wananyonya. Waliokunywa wakatosheka waliruka, wakavuka ukuta, wakarudi nyumbani. Nyumbani kwangu. Kwenye masega yangu.

Nilisimama pale nikiziba pua na kitambaa changu cha kanisani. Mpangaji mmoja aliyekuwa akiosha sufuria mlangoni aliniuliza kama nimepotea. Nilimwambia hapana, natazama tu.

Nilimpigia simu mhadhiri, nikamweleza. Alicheka kwa upole, akanieleza kwamba nyuki hutafuta chumvi, na maji ya bomba hayana kitu. Maji yenye harufu huyaona kwa urahisi zaidi. Akaniambia nitie chumvi kidogo kwenye beseni na nilisogeze mbali na mzinga. Nilifanya hivyo. Wachache wakahamia kwenye beseni. Wengi waliendelea na mtaro. Mwenye ploti nilimfuata mara kadhaa kuhusu lile bomba, na kila mara aliniahidi kulishughulikia kesho, akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye harufu ile bila hata kukunja pua. Nilianza kumchukia kuliko nyuki.

Ukame wa mwanzo wa mwaka ulipofika, mzinga ulikuwa mzito. Nilivaa mavazi meupe niliyonunua, kama yale ya mhadhiri, nikawasha kikopo cha kufukizia moshi, nikaufungua. Nilikuwa nimefikiria picha za kwenye lebo, asali inayong'aa na masega meupe. Niliyoyakuta yalikuwa meusi kama soli ya kiatu. Kila kitu kiligandishwa kwa gundi ya nyuki, ambayo hushika glavu, ikashika kisu, ikashika nywele. Nyuki walitambaa mpaka kwenye wavu wa uso wangu, wakanitazama. Baadhi ya fremu zilikuwa na asali. Nyingine zilikuwa na watoto wa nyuki, vifunza vyeupe, vinono, vimejikunja kila kimoja ndani ya chumba chake, vikimeremeta.

Fremu moja ya watoto ilikatika mikononi mwangu. Niliipeleka ndani kwenye karai pamoja na asali, nikimwambia mama kwamba hicho kipande nitakitupa. Mama alinitazama kama mtu aliyesema anatupa nyama. Alikichukua kwa vidole, akakiuma. Maziwa ya vile vifunza yalimtoka pembeni mwa midomo, yakashuka hadi kidevuni, naye akayarudisha kwa kidole. Alitafuna huku amefumba macho. Alisema wajomba zake walikuwa wakila sehemu hiyo peke yao na kuwaachia wasichana nta ya kutafuna, na kwamba alikuwa amesubiri maisha yake yote.

Nilitoka nje. Sikutapika siku ile, lakini nilikaa karibu na banda la kuku mpaka nikasikia amemaliza. Nilimwonea kinyaa mama yangu mzazi, na nilipoingia ndani sikuweza kumtazama mdomoni. Yeye aliliona hilo. Alifuta meza tu.

Asali tuliichuja kwa kitambaa. Ilikuwa nzito, nyeusi kidogo, yenye harufu ya maua na moshi. Mama aliisifu. Jirani aliisifu. Nilipeleka mitungi michache ofisini, na siku ya pili watu walikuwa wakija mezani kwangu kuulizia zaidi. Mimi mwenyewe sikuionja. Kila nilipoinua kijiko niliona ule mtaro. Asali yangu ilipoisha, nilianza kuwachukulia wenzangu asali ya mhadhiri, kwa sababu ilikuwa inapatikana wakati wote, na kwa sababu Loresho, nilivyodhani, nyuki hunywa kwenye bustani.

Mvua za masika zilianza. Kidonda cha mama kikawa kibaya. Nilikuwa nakisafisha kila asubuhi kabla ya kwenda mjini, kama muuguzi wa zahanati alivyonielekeza, na sitajifanya kwamba niliifanya kazi hiyo kwa moyo mweupe. Kilikuwa na harufu. Nilikuwa napumua kwa mdomo huku nikimsimulia mama habari za ofisini ili asione ninavyopumua. Mama aliniambia mara nyingi kwamba kwao kidonda kilipakwa asali. Nilimkatalia, nikamwambia afuate dawa za zahanati.

Asubuhi moja nilifungua bendeji nikaona inatembea. Sisimizi walikuwa wamepanda kutoka dirishani, wakafuata mguu wa kitanda, wakaingia ndani ya kitambaa, na walikuwa wameufunika mdomo wote wa kidonda, wakitoka na kuingia, kila mmoja na shughuli yake. Mama alikuwa akitazama ukutani. Nilipomwuliza aliniambia kwamba alikuwa amepaka asali mwenyewe kutoka kwenye mtungi uliokuwa kabatini. Ulikuwa mtungi wa mhadhiri.

"Ulinificha," nilimwambia.

"Ungeniruhusu?" akasema. "Wewe hata kunishika unanishika kwa ncha za vidole."

Nilimwondolea mama sisimizi, mmoja baada ya mwingine, kwa maji ya chumvi. Nilikuwa nalia, kwa kinyaa na kwa yale aliyosema. Nilipoinama karibu niliisikia harufu iliyokuwa ikitoka kwenye bendeji chini ya harufu ya kidonda. Haikuwa harufu ya maua wala ya moshi. Ilikuwa harufu ya peremende, zile nyekundu za watoto zinazoacha rangi kwenye ulimi. Nilikwenda kabatini nikaufungua mtungi, nikauinua kwenye mwanga wa dirisha. Asali ilikuwa na wekundu ambao sikuwahi kuutilia maanani.

Muuguzi alimfokea mama, na mimi pia, akabadilisha dawa na kutupangia siku za kurudi. Jumamosi iliyofuata nilipanda bodaboda mpaka Loresho bila kupiga simu. Mlinzi ananijua, akanifungulia. Nilizunguka nyumba nikaelekea bustanini kwenye mizinga, mahali ambapo mhadhiri hakuwahi kunipeleka; siku zote tulionana barazani.

Kabla sijafika nilisikia mvumo, na pamoja nao harufu tamu iliyochacha, kama pombe ya busaa iliyosahauliwa. Kulikuwa na madramu yaliyokatwa katikati, yamepangwa chini ya miti. Yalijaa uji mwekundu wa soda zilizopitwa na wakati na peremende zilizoyeyushwa, mifuko yake ya plastiki bado inaelea. Juu yake kulitupwa nyasi ili nyuki wapate pa kutua. Maelfu walikuwa wametua. Maelfu wengine walikuwa wamezama, wameloa, wamefanya tabaka nene la kahawia lililokuwa likitikisika, kwa sababu walio hai walikuwa wakitembea juu ya maiti za wenzao ili wafikie utamu. Kulikuwa na nzi wa kijani. Katika dramu la mwisho kulikuwa na panya, amevimba, tumbo juu, na nyuki walikuwa wametua juu ya tumbo lake wakinywa pembeni.

Mhadhiri alinikuta pale. Alikuwa amevaa sweta safi na kandambili. Hakushtuka. Alinikaribisha chai.

"Mwalimu, hii ni nini?" nilimwuliza.

"Ni chakula chao. Msimu wa mvua hakuna maua."

"Lakini unaiuza kama asali."

"Ni asali. Imepita tumboni mwa nyuki, si mwangu." Kisha akaniuliza kwa sauti ileile ya upole, kana kwamba tuko darasani, "Na wako, madam, wanakunywa wapi siku hizi? Wateja wako umewaambia?"

Nilimjibu kwamba ule mtaro si mimi niliyewachimbia. Akatabasamu, akasema kwamba ulimi haujui tofauti hiyo. Aliniambia pia, bila haraka, kwamba watu wanataka asali mwaka mzima na maua hayako mwaka mzima, na kwamba yeye amewafundisha vijana kwa maisha yake yote na hakuna aliyemshukuru kama wanavyomshukuru wanunuzi wa asali. Nilimwambia mama yangu aliipaka kwenye kidonda. Hapo aliangalia pembeni kwa muda mfupi. Kisha akasema asali si dawa na hakuwahi kuandika hivyo kwenye mtungi.

Niliondoka bila kunywa chai yake. Barabarani, karibu na geti, nilitapika kwenye ua wa watu, na mlinzi aliniletea maji kwenye kikombe. Nilikitazama kikombe kile, nikayanywa.

Jumatatu niliwaeleza wote ofisini. Niliwaeleza habari za madramu na za panya, na kwa kuwa swali la mhadhiri lilikuwa limenikaa kooni, niliwaeleza pia habari za mtaro wa Kabiria. Nilitarajia wanikasirikie. Wawili walifanya hivyo, nami niliwaona ni watu wa maana. Waliobaki walicheka. Yule mwenzangu wa Muthangari aliziba masikio kwa mikono miwili, akasema, "Usiniambie. Watoto wangu wameizoea ile nyekundu." Wiki iliyofuata niliona mtungi mpya wa mhadhiri mezani kwake. Kinyaa nilichokisikia siku ile sikuwahi kukisikia kwa mdudu yeyote.

Majuma ya baridi yalipita nikiwa nagawanyika kati ya kazi, zahanati na mama. Mzinga sikuugusa. Nilikuwa nawaona nyuki wachache mlangoni, nikadhani ni baridi tu inayowazuia kutoka. Nilikuwa nimevuna nyingi mno, sikuwaachia akiba ya kutosha, lakini hayo niliyajua baadaye, niliposoma na kuuliza watu wengine. Mwezi wa nane jua liliporudi, siku moja sikuona nyuki kabisa. Nilikwenda kufungua.

Kifuniko kiligoma, nikakibandua kwa patasi. Ndani palikuwa na utando mweupe, mzito, uliozishona fremu zote pamoja kama bendeji kuukuu. Utando ulikuwa unatetemeka. Nilipouchana, mabuu ya nondo yalimwagika, ya kijivu, marefu kama kidole cha mtoto, mamia kwa mamia, yakikimbia mwanga na kujificha chini ya mengine. Nta ilikuwa imeliwa ikabaki vumbi na mavi meusi kama baruti. Chini ya sanduku palikuwa na uteute wa kahawia unaonuka machungwa yaliyooza, na ndani ya uteute huo vibuu vingine vidogo vikiogelea. Mbao zenyewe zilikuwa zimechimbwa mifereji. Buu moja lilipanda kwenye mkono wangu, likaingia kati ya glavu na shati.

Nilitapika chini ya mparachichi mpaka nikabaki na nyongo. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amefika. Alikuwa anatembea vizuri zaidi wakati huo. Alikalia kreti, akachungulia sandukuni, akasema nyuki hawakufa, wamehama, na walifanya vizuri kuhama. Kisha akachukua fremu ya kwanza kwa mikono mitupu, akaigonga kwenye ardhi. Mabuu yakaanguka. Kuku wakaja mbio, wakayagombania, wakavutana buu moja wawili wawili mpaka linakatika.

"Lete nyingine," mama alisema.

Nilimletea. Nilivua glavu kwa sababu zilikuwa zimeloa uteute na kuzivaa kulikuwa kubaya kuliko kutozivaa. Tulikaa pale asubuhi nzima, mimi nikikwangua, yeye akigonga. Hatukuzungumza sana. Wakati fulani alitoa utando uliokuwa umenikwama kwenye nywele, na vidole vyake vilikuwa vimejaa uchafu uleule niliokuwa nao mimi, na sikurudisha kichwa nyuma. Tulichoma fremu zote. Sanduku nililipitishia moto ndani mpaka likawa jeusi, nikalianika. Kwa wiki mbili sikula yai. Mama alikula ya kwake na ya kwangu.

Kidonda kilifunga mwezi wa tisa, kikaacha ngozi nyororo ya rangi ya waridi. Mama alirudi Kitui kwa basi la asubuhi, akiwa ameuacha mkongojo nyuma ya mlango. Sikumwambia kwamba ningemkosa. Nilimpaka mafuta mguuni kabla ya kuondoka, kwa kiganja chote.

Mijakaranda ilipochanua tena, nilirudi kutoka kazini nikakuta kundi jipya limeingia kwenye sanduku nililolichoma. Sikuita mtu. Jumamosi nilivaa mavazi yangu, nikaweka fremu mpya, nikawatazama. Masega yalikuwa bado meupe, membamba kama karatasi, na mpaka hapo sikuona buu lolote la nondo, ingawa nilitafuta kila pembe. Nyuki mmoja alitua kwenye wavu mbele ya jicho langu, akajipangusa miguu. Miguu ilikuwa imeloa, na sikutaka kujua imeloa nini. Nilimpuliza kidogo, akaruka, nami nikachukua fremu iliyofuata.